Bariamu Iliyokataa Kutengana

Nishati ya nyuklia ikitajwa, wengi huwaza mitambo mikubwa ya umeme, au bomu. Mimi huwaza kwanza karatasi ya kuchujia. Kupasuka kwa kiini cha urani kuligunduliwa Desemba 1938 huko Dahlem, Berlin, na wakemia wawili, Otto Hahn na Fritz Strassmann, na kazi yao ilikuwa kuyeyusha, kuchuja, kuosha na kukausha.

Waliiweka urani karibu na mchanganyiko wa radiamu na berili unaotoa nyutroni, wakazungushia nta ya parafini ili kuzipunguza kasi nyutroni hizo. Ndani ya urani zikazaliwa atomi mpya zenye kutoa mionzi, chache mno kiasi kwamba hakuna mizani ya kuzipima. Utazikamataje? Strassmann alitia chumvi ya bariamu kwenye mmumunyo, kisha asidi kali ya hidrokloriki. Bariamu hujitenga ikiwa fuwele nyeupe, safi kabisa, na atomi zenye tabia kama yake hufuatana nayo. Fuwele zikachujwa, zikaoshwa, zikakaushwa, zikapelekwa mbio kwenye kaunta ya Geiger, ya kupimia mionzi, iliyokingwa kwa madini ya risasi. Ilibidi kuharakisha, kwa sababu mionzi ya mojawapo ya vitu hivyo ilipungua kwa nusu kila baada ya dakika 86 hivi. Chumba cha nyutroni, cha kemia na cha kupimia vilitengwa, uchafu kidogo usije ukaidanganya kaunta.

Waliamini wamepata radiamu, ambayo kikemia hufanana na bariamu. Kuitoa radiamu ndani ya bariamu kulijulikana tangu enzi za Marie Curie: unafuwelisha, unayeyusha, unafuwelisha tena, na kila mara radiamu huzidi kukusanyika katika fuwele za mwanzo. Hahn alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Safari hii mionzi haikukusanyika popote. Ilibaki imeenea sawasawa.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Waliamua kuupima ufundi wao wenyewe. Tarehe 17 Desemba walichanganya radiamu halisi na ile waliyodhani wameitengeneza, wakafuwelisha zote katika mmumunyo mmoja. Ile halisi ilijitenga kama kawaida. Nyingine ikang'ang'ania bariamu, kwa kuwa ilikuwa bariamu. Fizikia ya wakati ule ilisema haiwezekani urani izae bariamu, lakini aliyesafisha vyombo vyake kwa uaminifu ana haki ya kuliamini jibu asilolitegemea.

Hahn alimwandikia Lise Meitner, mwanafizikia aliyeshirikiana naye kwa miaka 30, ambaye Julai mwaka huo alikuwa amewakimbia Wanazi. Akiwa Kungälv, Uswidi, Meitner alipiga hesabu pamoja na mpwa wake, Otto Frisch. Urani ina protoni 92. Ukitoa 56 za bariamu, zinabaki 36, yaani kriptoni: kiini kimepasuka vipande viwili. Uzito unaopotea hugeuka nishati ya elektronivolti milioni 200 hivi kwa kila atomi, na joto litokanalo na nishati hiyo ndilo linalochemsha maji katika vinu vya nyuklia leo.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1944 alipewa Hahn peke yake. Kwangu mimi, hesabu hiyo ina upungufu. Bila mikono ya Strassmann na akili ya Meitner, fuwele zile zingebaki kitendawili.