Panya na Kipanga: Uhakiki wa Sitiari ya "Njia za Panya" katika Pwani ya Kismayu

Kiswahili cha leo kimewapa viumbe wawili hadhi zisizolingana. Katika shule za Tanzania, mwanafunzi mwenye akili nyingi huitwa kipanga. Mpakani, njia isiyo na kituo cha uhamiaji wala forodha huitwa njia ya panya. Makala haya yanalinganisha sitiari hizo mbili, kisha yanahakiki athari ya hiyo ya pili kwa Wabajuni.

Kitabia, viumbe hawa hawatenganishwi na wema na uovu. Panya hula nafaka ghalani. Kipanga hunyakua vifaranga uani. Wote wawili humtia hasara mwenye nyumba. Hata hivyo, kipanga hukumbukwa kwa jicho kali na wepesi, ilhali panya hukumbukwa kwa wizi na kujificha. Huko Morogoro, shirika la APOPO huwafunza panya buku kutambua kwa harufu mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ufanisi huo haujaibadili sitiari.

Udhaifu wake hudhihirika zaidi kati ya Kismayu na Lamu. Kismayu ilikuwa sehemu ya Kenya chini ya Uingereza hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland. Mpaka mpya ulipita katikati ya Wabajuni, jamii ya wavuvi na mabaharia yenye lugha na udugu pande zote mbili. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wengi wao walikimbilia Kenya kwa bahari hiyohiyo ya wazee wao.

Huenda ikajibiwa kwamba sitiari hii imekwisha kufa, na kwamba huitaja njia tu, si mpitaji. Jibu hilo halitoshi. Jina la Panya Road, linalotumika kwa magenge ya vijana wahalifu jijini Dar es Salaam, linathibitisha kuwa panya angali akimaanisha mtu. Ripoti inayoandika "njia za panya" huwaweka pamoja mfanya magendo, mkimbizi na mvuvi anayekwenda kumzika nduguye, na huwahukumu wote kabla ya kuwahoji.

Tunapendekeza nyaraka za sera zitumie "vivuko visivyo rasmi", kisha zieleze nani anavuka na kwa sababu gani. Magendo yakithibitika, yaitwe magendo. Msafiri asibebeshwe jina la mnyama kwa sababu tu mpaka ulimkuta njiani.