Mchi Hujishukia

Bibi yangu alitwanga mpunga akiwa amesimama wima, miguu kaiachanisha kidogo, kinu mbele yake. Kwa miaka mingi nilidhani kazi yake ni kuupiga mpunga. Siku nilipokaa kumtazama kwa makini ndipo nilipotambua kuwa kazi yake ni kuunyanyua mchi. Kushuka, mchi ulijishukia wenyewe.

Ulipofika juu, vidole vyake vililegea. Kiganja kikabaki kuuzunguka kama pete pana, kikiuonyesha njia tu, na ulipotua, mtikisiko ulibaki kinuni, haukupanda mkononi. Mimi niliukamata kwa nguvu nikausukuma chini. Haikupita robo saa, viganja vimejaa malengelenge. "Uachie, mjukuu wangu," aliniambia. "Mchi njia unaijua."

Hesabu ya jambo hili ni fupi. Mchi wa kilo 4 ukinyanyuliwa nusu mita, mikono imeuwekea akiba ya takriban jouli 20. Ukiachiwa, akiba hiyo hugeuka mwendo kidogo kidogo, hata unapogusa mpunga unakwenda karibu mita 3 kwa sekunde. Mpanda ngazi hushuka, na mchi hushuka na kila ulichopanda nacho. Miaka ya 1720, mwanafizikia Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo laini, akaona shimo linafuata kimo. Mpira uliotua kwa kasi maradufu ulichimba mara nne, kwa kuwa ulitoka juu mara nne.

Bibi aliyajua haya kwa mabega yake. Akitwanga kisamvu, chenye nyuzi zisizokubali kukatika upesi, mkono ulipita kichwa. Kwa mpunga uliishia kifuani, maana pigo zito huvunja punje, ukapepeta ukaambulia chenga. Maganda mengi huvuliwa na punje zenyewe zikisuguana. Mchi kazi yake ni kuzisukuma zipishane, ziteleze ukingoni na kurudi katikati. Kwa hiyo alisikiliza. Mwanzoni kinu kilitoa mlio mkavu, wa maganda. Yalipoanza kuachia, mlio ukawa mzito, na hapo alipunguza kimo bila kukatisha mwendo, kila pigo sawa na lililotangulia.

Watu husema kutwanga maji kwenye kinu ni kujichosha bure. Ni kweli, ingawa hata huko nguvu haipotei; hukosa tu mahali pa kufanyia kazi. Ufundi wa bibi ulikuwa kuipatia mahali.

Alipouegemeza mchi ukutani, aliniita nitie mkono kinuni. Mchele ulikuwa na uvuguvugu. Vile vimo vyote alivyopandisha asubuhi ile, kimoja kimoja, vingine vilikuwa vimevua maganda, vingine vimekwenda na mlio, na vilivyobaki nilivishika kiganjani.