Chanzo, Kiamshi na Mwandamano: Tahakiki ya Istilahi za Kipandauso

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa mezani petu ili yakaguliwe lugha kabla ya kupigwa chapa, kimo kijitabu cha afya kuhusu kipandauso, kilichofasiriwa kwa ajili ya wagonjwa na walimu. Sarufi yake ni safi. Hata hivyo, zimo sentensi mbili ambazo zikiachwa zilivyo zitamdhuru msomaji. Ya kwanza yasema kwamba chokoleti, njaa na kukosa usingizi ni "vyanzo vya kipandauso". Ya pili yasema kwamba kipandauso "huleta kifafa na kiharusi". Kosa ni moja: mfasiri ametaja chanzo mahali ambapo matini ya asili haikutaja chanzo.

Jina lenyewe halina dosari. Wayunani waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu, na jina lake la Kiarabu, shakika, latokana na mzizi wa kupasua. Waswahili walitazama mwendo wa maumivu yapandayo usoni. Nao hawakukosea, kwani si wagonjwa wote huumwa upande mmoja tu.

Tuje kwenye chanzo. Mtu huwa na kipandauso kwa sababu ya hali ya ubongo wake, ambayo kwa sehemu hurithiwa. Njaa, pombe, hedhi au kukosa usingizi havimpi ugonjwa. Huuamsha ule aliokuwa nao. Lugha ya kila siku yaijua tofauti hii: mwenye pumu husema kwamba vumbi limemwamshia pumu, wala hasemi kwamba vumbi ndilo lililompa. Kwa hiyo twapendekeza istilahi kiamshi, wingi wake viamshi. Neno kichocheo halifai hapa, maana walimu wa sayansi wamekwisha kulipa kazi nyingine.

Tofauti hii si pambo. Shambulio la kipandauso laweza kuanza saa kadhaa, hata siku 2, kabla ya maumivu: mgonjwa hupiga miayo, hukakamaa shingo, hutamani vyakula fulani. Basi aliyekula chokoleti jioni akaamka na maumivu, huenda alisukumwa kuila na shambulio lililokwisha kuanza. Kuiita chokoleti chanzo ni kuigeuza dalili kuwa mkosaji, na kumnyima mtu chakula bila ya hakika. Hali kadhalika, kijitabu chasema wagonjwa wana "hofu ya mwanga". Mgonjwa haogopi mwanga, mwanga humwumiza. Iandikwe: kutostahimili mwanga.

Sentensi ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1944 mtafiti wa Kibrazili, Aristides Leão, alipokuwa akichunguza kifafa katika ubongo wa sungura, aliona wimbi la kuzimika kwa umeme likitambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika. Wimbi kama hilo ndilo linalodhaniwa leo kuwa asili ya vimulimuli na mistari ya msharazi ambayo baadhi ya wagonjwa huiona kabla ya maumivu, yaani dalili tangulizi. Ni kweli, basi, kwamba kipandauso na kifafa vina ujirani katika ubongo, na kwamba huonekana pamoja kwa mtu mmoja mara nyingi kuliko ambavyo bahati tu ingeleta. Lakini jirani si mzazi. Wenye kipandauso walio wengi hawapati kifafa kamwe. Katika jamii ambamo mtoto wa kifafa bado hutengwa darasani, kitenzi "huleta" chaweza kumtenga mtoto ambaye hana ugonjwa huo.

Kuhusu kiharusi, hapana budi kuwa waangalifu pande zote mbili. Wenye kipandauso chenye dalili tangulizi wana hatari ya kiharusi cha kuziba mishipa inayokaribia mara mbili ya wengine, ingawa kwa vijana hatari hiyo hubaki ndogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba wanawake wa kundi hili wasitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mfasiri akisema "huleta", atatisha bure. Akikaa kimya, ataficha onyo lenye manufaa.

Kwa kifupi, twawaomba wafasiri watenge vitenzi vinne: kusababisha, kwa chanzo, kuamsha, kwa kiamshi, kuandamana na, kwa maradhi yaonekanayo pamoja, na kuongeza hatari ya, kwa jambo linalowezekana lakini si la lazima. Sentensi zile mbili zingesomeka hivi: "Njaa na kukosa usingizi huweza kuamsha kipandauso. Kipandauso huweza kuandamana na kifafa, na aina yake yenye dalili tangulizi huongeza hatari ya kiharusi."

Istilahi kiamshi bado ni pendekezo. Walimu na waganga walio na neno bora zaidi kutoka vinywani mwa wananchi watuandikie.