Tofali Jepesi la Tanuru

Tofali la kuzuia joto hupata wepesi wake kwa kitu kinachoteketea ndani yake. Udongo wenye kaolini huchanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga, hufinyangwa, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa. Pumba zikiungua huacha vitundu vyenye hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida.

Jinja, mji wa Uganda wenye viwanda vya chuma vinavyohitaji tanuru, una kila sababu ya kuienzi kazi hii. Pumba haziko mbali, kwani mpunga hulimwa Doho na Kibimba. Katika Chuo Kikuu cha Makerere nako watafiti wamechunguza kaolini ya Mutaka na udongo wa Mukono kwa ajili ya matofali ya tanuru.

Ustadi wenyewe uko kwenye kipimo, na hapo ndipo fundi anapostahili heshima. Pumba zikizidi, tofali hubomoka mkononi. Zikipungua, huwa zito na kupitisha joto. Pumba huchekechwa kwanza, maana vitundu vidogo vilivyoenea sawasawa havidhoofishi tofali kama mapango machache makubwa. Moto huongezwa taratibu hadi nyuzi 500 hivi, ndipo ukolezwe kupita 1,000, ambako kaolini huzaa fuwele ngumu za mulaiti. Haraka haifichiki: tofali likivunjwa, kiini ni cheusi kwa kaboni iliyokosa hewa. Lililochomwa kwa subira lina rangi moja hadi katikati, na likiwa jepesi vya kutosha, kipande chake kikitiwa majini huelea kitambo kabla ya vitundu kujaa.