Nani Aaminiwe Vitani? Mgeni na Washirika Wake katika Shajara ya Meinertzhagen

Utangulizi

Mgeni anayeingia kwa silaha katika nchi yenye jamii zinazohasimiana hujiuliza mapema: nani aaminiwe, na nani aogopwe? Swali hili ndilo mhimili wa Kenya Diary 1902–1906, shajara ya Richard Meinertzhagen, afisa wa King's African Rifles, iliyochapishwa mwaka 1957. Makala haya yanadai kwamba swali hilo limeelekezwa upande usio wake. Katika shajara, uaminifu ni sifa ambayo kabila hupewa au hunyimwa. Katika historia ya Nandi, Kericho na Sotik, uaminifu uliostahili kupimwa ni wa mgeni mwenyewe.

Sauti ya Msimulizi

Kilele cha shajara ni tarehe 19 Oktoba 1905, siku ambayo Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Msimulizi anajitetea kwamba Koitalel ndiye aliyepanga usaliti. Kifani, utetezi huo unategemea sauti moja tu: muuaji ndiye shahidi, ndiye mfasiri wa nia ya aliyeuawa, na ndiye hakimu. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwondolea lawama, ingawa mwaka 1906 aliondolewa nchini. Kitabu cha Brian Garfield cha mwaka 2007 kimetilia shaka kubwa ukweli wa maandishi yake. Kwa hiyo, shajara hii isomwe kama hoja ya utetezi iliyovikwa umbo la kumbukumbu ya kila siku.

Rafiki, Adui na Jirani

Hata msomaji akiukubali mgawanyo wa marafiki na maadui, matokeo yake hayauthibitishi. Wanandi, waliohesabiwa maadui, walipoteza ardhi. Wamaasai walipigana upande wa Waingereza, nao hawakudanganywa kitoto: maradhi ya mifugo na ndui ya miaka ya 1890 yalikuwa yamewadhoofisha, na urafiki huo ulikuwa na faida. Mkataba wa 1904 uliwaahidi Laikipia kwa muda wote ambao jamii yao ingekuwapo. Mkataba wa 1911 ukawaondoa. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa ya dola kwa dola, hivyo mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Wakipsigis wa Sotik, katika Bomet ya leo, walishambuliwa mwaka 1905 baada ya kukataa kurudisha ng'ombe wa Wamaasai. Baadaye mashamba ya chai yalienea Kericho, na mwaka 1934 ukoo wa Talai, ukoo wa akina orkoiyot, ulihamishiwa Gwassi kwa sheria maalumu.

Hitimisho

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini methali hii haielezi hatima ya panzi aliyemsaidia kunguru. Historia ya nyanda hizi inaieleza: rafiki na adui walitofautiana kwa miaka michache tu. Ahadi ambayo mtoaji wake hawezi kudaiwa popote haina uzito, hata ikiwa na saini. Mhakiki wa maandishi ya aina hii, basi, hana budi kuuliza kwanza ni nani angeweza kumdai msimulizi. Swali hilo halijafungwa: mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walifikisha malalamiko yao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.