Kanda Moja na Malezi ya Sikio Langu

Wako watu wasemao kwamba nyimbo za vijana, zile ziitwazo bongo fleva, hazistahili nafasi katika jarida la fasihi, kwa kuwa hazina mizani wala urari, na waimbaji wake hawakupata kukaa miguuni pa malenga yeyote kujifunza. Siwalaumu watu hao. Nimesoma nao, na wengine wao ni walimu wangu. Lakini yanipasa kukiri mapema kwamba kabla sijafungua kitabu chochote cha Shaaban Robert nilikwisha kufunzwa kuyapima maneno na kanda moja ya muziki, na hata leo nisomapo shairi, sikio nilitumialo ni lile lililofunguliwa na kanda hiyo. Nataka kuieleza kama mhakiki aelezavyo kitabu: uzuri wake, kasoro zake, na yale iliyonitenda.

Kanda yenyewe ni Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Joseph Haule. Ilitoka mwaka 2001. Mwimbaji alikuwa amekwisha kujulikana katika kundi la Hard Blasters, ambalo wimbo wao wa Chemsha Bongo uliwafanya hata wazee waliochukia muziki huo wasikilize japo kidogo. Jina la kanda si geni duniani. Winston Churchill alilitumia karibu lote alipolihutubia Bunge la Uingereza mwezi wa Mei 1940, naye alikuwa akiwaahidi watu wake taabu. Hilo si neno dogo. Kiongozi aliyeahidi machozi aliaminiwa, na katika kanda hii tutamkuta kiongozi aahidiye neema tupu.

Mimi ni mtu wa Lutindi, katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Jina la kijiji chetu hujulikana tambarare kuliko tulivyojijua sisi wenyewe, kwa sababu ya hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa huko na wamisionari wa Kijerumani zamani za utawala wao. Mtoto wa Lutindi akishuka Korogwe akataja atokako, wenzake hutazamana na kutabasamu. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanatabasamu kwa furaha ya kuniona. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili, moja ya mdomoni na nyingine ya machoni, na kwamba anayetajwa ndiye huwa wa mwisho kuipata ile ya pili. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Kanda ilipandishwa mlimani na binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa nakala ya nakala, imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu, na sauti yake ilikuwa na mvumo kama wa maji ya korongo. Umeme haukuwapo kwetu. Tuliisikiliza kwa redio ya betri, na betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati pamoja na iliki, zikapata nguvu ya kuimba nyimbo mbili au tatu. Kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na gharama yake, na mtu hakupoteza betri kwa wimbo asioupenda. Nadhani uhakiki wangu wa kwanza ulianzia hapo, katika kuamua ni wimbo gani unaostahili jua la siku moja.

Wimbo uliostahili siku zote ulikuwa Ndio Mzee. Umetungwa kwa sura ya mkutano wa kampeni. Mgombea anasimama jukwaani na kuhutubia. Kila amalizapo ahadi huuliza umati kama wamesikia na kukubali, na umati humjibu kwa maneno yale mawili yaliyo jina la wimbo. Ahadi zenyewe huanza karibu na akili kisha hupaa. Mabomba yatatoa maziwa, wanafunzi watafanyia majaribio yao ya sayansi mwezini, na umati haubadili jibu. Wimbo ulitoka mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi mkuu wa 2000, ambao ulikuwa wa pili tangu vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, na masikio ya watu yalikuwa yangali na mwangwi wa vipaza sauti. Hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu ni nani aliyekuwa akiigwa.

Nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Shuleni nilikuwa mmoja wa watoto wa ngonjera. Msomaji anajua kwamba ngonjera zilipewa umbo lake la kisasa na Mathias Mnyampala, zikasambazwa mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kwamba kazi yake ilikuwa kulieneza Azimio kwa njia ya majibizano: mmoja aliyepotea huuliza, mwingine aliyeongoka hujibu, na mwisho wote hukubaliana. Mimi nilikuwa hodari wa kukubaliana. Mgeni rasmi alipokuja nilisimama mstari wa mbele, mikono nyuma, nikakubali kwa sauti kuu. Basi niliposikia Ndio Mzee kwa mara ya kwanza nilishtuka kama mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na kinyago. Umbo lilikuwa lile lile la ngonjera, kuuliza na kuitikia, lakini sasa kukubali kwenyewe ndiko kulikochekwa. Sikujua kwamba jambo hilo laruhusiwa. Kwetu usambaani kumwitikia mkubwa ni adabu ya kwanza ya mtoto, na neno hilo hilo la wimbo ndilo nililomjibu baba kila asubuhi aliponituma.

Sasa niyaseme ya ufundi. Kiswahili ni lugha ambayo maneno yake takriban yote huishia kwa irabu, kwa hiyo vina vyake ni rahisi mno, na ndiyo sababu malenga wa zamani waliweka sharti la silabi nzima, wakaongeza kina cha kati, wakafunga mshororo katika mizani kumi na sita, nane kwa nane, ili urahisi usizae uvivu. Wanaofoka hawana mizani ya kuhesabu kwa vidole. Ngoma ndiyo mizani yao. Silabi zaweza kuwa kumi au ishirini maadamu zinawahi pigo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, wataalamu walibishana kwa miaka kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Vijana wa bongo fleva hawakuwa na habari na ubishi huo. Waliacha mizani, wakashika vina, na wasomi hawakuulizwa. Katika kanda hii mwimbaji huonyesha ubingwa wake pale anapokinza kina si kwa silabi ya mwisho tu bali kwa ile ya kabla ya mwisho, ambayo ndiyo yenye mkazo katika lugha yetu. Sikio husikia vina viwili kwa mpigo. Lakini pia yako mahali pengi ambapo huridhika na irabu peke yake, na hapo uvivu ule walioukimbia malenga huonekana waziwazi.

Kasoro nyingine ni majigambo. Sikatai kwamba kujinaki ni desturi ya kale ya ushairi wetu, walakini majigambo ya vijana hawa aghalabu hayana kitu cha kujigambia ila majigambo yenyewe. Tulizipeleka mbele nyimbo hizo kwa kuzungusha kanda kwa kalamu, tusitumie betri. Wimbo wa Bongo Dar es Salaam ni afadhali sana. Unaeleza ujanja na utapeli wa mji mkuu wa biashara, nao ulitutia hofu iliyotusaidia. Wenzangu wawili walioshuka kutafuta kazi waliniambia kwamba waliukumbuka walipofika kituo cha mabasi. Hata hivyo ni wimbo wa mwalimu. Unatuambia la kufanya. Ndio Mzee hautuambii chochote, na hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Nilipofika sekondari nikasoma Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Shaaban Robert, mwana wa mwambao wa Tanga yetu, aliiweka nchi yake hewani ili aweze kuisema serikali ya siku zile bila kutajana majina. Ndani ya kitabu hicho yumo Karama, anayeshtakiwa na Majivuno mbele ya Baraza, naye hujitetea kwa visa vya wajumbe sita mpaka ukweli ukasikika. Niliwaza: huyu Karama yuko wapi katika kanda yangu? Hayupo. Katika mkutano ule wa kampeni hakuna hata mtu mmoja anyooshaye mkono. Shaaban Robert alimpa msomaji mtetezi. Professor Jay amempa msikilizaji umati, kisha akamwachia nafasi ya Karama wazi. Baadaye mwimbaji alitoa wimbo wa Siyo Mzee, ambamo umati unakataa. Wengi waliufurahia. Kwa maoni yangu ulipunguza kitu, kwa kuwa ulilisema kwa niaba yetu neno ambalo wimbo wa kwanza ulitutaka tulitafute wenyewe.

Naja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2005 ulikuwa wa uchaguzi. Mgombea mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja chama chake, alipanda kwetu na gari la vipaza sauti. Sisi vijana tulisimama nyuma. Aliahidi barabara, kisha zahanati, kisha maji, na alipofika kwenye maji mmoja wetu akaitikia kwa sauti ya kanda, “Ndio mzee!” Tukaunga mkono sote. Kila ahadi tuliijibu hivyo, tukicheka mpaka machozi. Nilijiona mtu mzima siku hiyo kuliko siku yoyote iliyotangulia. Nilidhani kwamba nimevuka kutoka kwenye mstari wa ngonjera na kusimama upande wa waimbaji.

Jioni baba aliniita. Hakuwa amekasirika. Akaniuliza, “Mwanangu, mlikuwa mkimwambia nini yule bwana?”

Nikamweleza kwamba ni wimbo, kwamba tulikuwa tukimcheka.

Akasema, “Ninyi mlicheka, naye akadhani mnamshangilia. Hukumwona alivyokuwa akipunga mkono?”

Ni kweli alipunga mkono. Tena alitaja vijana wa Lutindi kwa sifa kabla ya kushuka. Nikalikumbuka lile tabasamu la Korogwe, lenye maana mbili, ambalo anayetajwa huwa wa mwisho kulielewa. Lakini safari hii sikuweza kusema kwa hakika ni nani kati yetu, mgombea au sisi, aliyekuwa wa mwisho. Baba akaongeza kwamba watu wa kale katika milima hii walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu, na kwamba Mbega hakupewa nchi kwa hotuba, bali aliwinda nguruwe mwitu, akagawa nyama, watu wakala, ndipo wakamtaka awatawale. Kisa hicho kimo katika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, lakini baba hakukisoma; alikipata kwa babu yake.

Tangu siku hiyo nauona wimbo tofauti. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliwasikia watu wa mle wimboni kama wajinga wanaodanganywa. Nilipokuwa na kumi na tisa niliwasikia kama werevu wanaodhihaki. Leo, nikiusikiliza kwa makini, siwezi kupata katika sauti zao alama yoyote itakayoniambia ni lipi kati ya hayo mawili. Umati unaitikia kwa bashasha ile ile toka mwanzo hata mwisho. Mhakiki mwepesi atasema kwamba huo ni upungufu wa uigizaji, kwamba mtungaji angalipaswa kutuonyesha anakosimama. Mimi naona ndilo jambo la kweli kuliko yote yaliyomo katika kanda. Kutoka jukwaani, dhihaka na utii vina sauti moja, na kura ya mwenye kucheka huhesabiwa sawa na ya mwenye kuamini.

Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 2015, pale Professor Jay mwenyewe aliposimama jukwaani Mikumi akaomba kura, akachaguliwa kuwa mbunge, akakaa bungeni hadi 2020. Mwenzake Sugu alikuwa amemtangulia kwa Mbeya Mjini tangu 2010. Wako waliosema kwamba mtungaji ameusaliti wimbo wake. Sikubaliani nao. Yule aliyeandika hotuba ya mgombea wa uongo ndiye aliyejua vema kuliko wote ni maneno gani yatageuzwa dhidi yake. Aliingia uwanjani akiwa amekwisha kuwapa watu silaha. Hata hivyo nakiri kwamba niliposikia habari ile swali la baba lilinirudia, nikatamani kujua watu wa Mikumi walimwitikiaje.

Baba aliusikiliza wimbo huo mara moja tu, mwaka ule ule wa 2005, nilipompigia kwa betri mpya nilizonunua kwa kusudi hilo. Alikaa kimya, mkono shavuni. Kanda yetu ilikuwa imewahi kukatika na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi, na pale palipoungwa jibu moja la umati lilikuwa limepotea. Mgombea anauliza, pakawa na mkwaruzo, kisha akaendelea na ahadi nyingine. Wimbo ulipokwisha, baba aliniomba niurudishe mpaka mahali pale palipokatika, akapasikiliza tena, akauliza kama ndivyo mtungaji alivyotunga.

Nikamwambia hapana, ni ubovu wa kanda.

Akasema afadhali ningeacha asijue.