Jogoo mzee wa kibanja: umri umefanya nini, ugonjwa umefanya nini

Wafugaji wengi wa Bukoba na Muleba wakimwona jogoo mkubwa amejikunyata kando ya jiko, mbawa zimelegea, hutoa jibu moja kati ya mawili: ana kideri, au amezeeka. Yote mawili huishia kisuni. Nachambua hapa jinsi jogoo mmoja wa nyumbani, huko Kamachumu, alivyotunzwa, kwa sababu ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa kujua lipi limeletwa na umri na lipi limeletwa na wadudu, njaa na unyevu. Naamini majogoo wengi tunaowaita wazee ni wagonjwa tu wasioangaliwa.

La kwanza lilikuwa kuhakikisha si kideri, maana kikiwepo huweza kumaliza banda zima. Jogoo hakuharisha kijani, hakukoroma, shingo haikupinda, na matetea aliolala nao walikuwa wazima. Tena kuku wa pale huchanjwa I-2, tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hii ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na ilianza kutengenezwa hapa Tanzania na maabara ya mifugo ya Temeke. Iliwafaa wafugaji wa vijijini kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingine za kideri, ingawa jua kali bado huiharibu. Lakini ni kinga tu. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa tone hilo.

Kisha alikaguliwa usiku, kwa tochi, akiwa ametulia kwenye fito za kulalia. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na hutoka gizani kunyonya damu, hivyo anayekagua mchana hauoni. Kilemba kilikuwa kimepauka, dalili ya upungufu wa damu, na utitiri ulionekana ukitembea chini ya mbawa. Kiganja kikapitishwa kidarini: mfupa umechongoka kama upanga, nyama hakuna. Asubuhi, kabla hajala, likapapaswa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Lilikuwa tupu na laini, kwa hiyo chakula kilikuwa kinashuka. Kumbe hakukonda kwa kushindwa kumeng'enya. Alikonda kwa kukosa kula, kwani majogoo vijana walimfukuza kila penye chakula, na miguu haikumruhusu kushindana.

Miguu ndiyo ilikuwa na kazi kubwa. Magamba yalikuwa yameinuka, ukoko mweupe umejaa chini yake, na vidole vimevimba. Wengi huona hapo uzee. Ni upele wa miguu, unaoletwa na utitiri mdogo sana, Knemidocoptes mutans, unaochimba chini ya magamba na kuishi humo. Upele huu huenea polepole, mwezi hadi mwezi, ndiyo maana huonekana zaidi kwa kuku wa umri mkubwa. Kuna watu hupaka mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Vyote huunguza ngozi na kumwongezea kuku maumivu. Hapa miguu ililowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ikasuguliwa kwa mswaki laini bila kubandua magamba, ikakaushwa, kisha ikapakwa vaselini nene hadi katikati ya vidole. Vaselini huziba hewa, na utitiri hufa mle mle ndani. Kazi hii ilirudiwa kila wiki, maana utitiri huendelea kuzaliana, na magamba mapya huchelewa sana kuota.

Vipi, ile miiba migumu ya nyuma ya miguu, vilikuwa vimejikunja hadi kugusa mguu wa pili. Vilipunguzwa ncha tu kwa tupa, kwa sababu katikati ya kipi kuna mfupa hai wenye damu.

Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na banda la udongo lisilo na hewa halikauki. Fito zilishushwa ili asilazimike kuruka, nyufa zikamwagiwa maji ya moto kuua utitiri, na kwa kuwa hakuna vumbi kavu, majivu yakawekwa pembeni ayaogee.

Chakula alipewa peke yake: pumba za mahindi, mabaki ya ndizi zilizopikwa, na dagaa kidogo. Dagaa wa visiwa vya Muleba ni wazuri, ila waliokaushwa chini huja na mchanga mwingi, huoshwa kwanza. Chakula cha kuku wa mayai hakumfai jogoo. Kina kalisi ya asilimia tatu na nusu hadi nne, kwa ajili ya kutengeneza ganda, na kwa jogoo, kwa kuwa hatagi, hulemea figo.

Alipata nyama, akarudi kutembea. Kilichobaki ndicho cha umri: jicho moja lenye ukungu, na kilemba kinachogeuka zambarau akikimbia, ishara ya moyo uliochoka. Hilo halina dawa ya dukani, na kumchoma oksitetrasaiklini kwa kubahatisha, kama wengi wafanyavyo, kungeacha tu mabaki ya dawa kwenye nyama. Anatengwa na majogoo vijana, maji yake yako karibu, na siku atakaposhindwa kunywa mwenyewe atachinjwa haraka asiteseke.